Sahihi Juu ya Makaburi Mawili: Chai ya Saa Nne kwa Mama Lin

Sehemu ya Saba

Mliosoma wiki iliyopita mnajua nilichofanya. Kwa anayeanza leo nitasema kwa kifupi, maana kila nikirudia mdomo unanikauka.

Naitwa Harithi, mzaliwa wa Nachingwea. Nilisoma China miaka minne kwa ufadhili, nikarudi na cheti na Kichina changu, nikaishia kuuza makava ya simu stendi kwa miaka mitatu. Ndipo ikaja kampuni ya kuchimba kinywe kule Ruangwa, yale madini meusi yanayopaka mikono kama masizi ya sufuria. Wakanichukua niwe mkalimani wa meneja wao, Bwana Gao.

Kampuni ilitaka eneo moja Mandawa. Ndani ya eneo hilo kulikuwa na makaburi. Familia zenye watu wao pale zilifuatwa moja moja, zikaulizwa kama zinakubali makaburi yahamishwe. Zilikubali. Ikabaki moja tu ambayo haikuulizwa.

Ilikuwa familia ya mke wangu, na mwenye kazi ya kuiuliza nilikuwa mimi.

Sikuiuliza. Nilichukua karatasi, nikaandika jina la baba mkwe wangu, Mzee Amiri, nikasaini kama ndiye yeye. Kijijini wakagonga muhuri bila neno. Walinijua. Mkwe wa pale, msomi, anadanganya nini?

Makaburi ni mawili. Moja la mama mkwe wangu, marehemu Bi Swaumu. La pili liko ubavuni pake, fupi, ukilala chini unaweza kulikumbatia lote. Humo amelala binti yangu, aliyeishi siku tisa. Tulimpa jina la bibi yake.

Mmeniandikia barua nyingi mkiuliza kwa nini. Wengine mmesema nilihongwa. Hapana, sikuhongwa. Mkataba wangu ulikuwa unaisha, kampuni ilitaka karatasi zote zifike Ijumaa, na mimi nilimwogopa mkwe wangu kuliko nilivyomwogopa Mungu. Sina sababu nyingine. Ingekuwepo ningeshaisema.

Basi, Ijumaa hiyo hiyo Bwana Gao aliniita ofisini. Nilidhani yamekwisha.

"Huyu mzee aliyesaini mwisho," akasema, "nataka kumshukuru. Jumapili, mkahawani kwa Mama Lin, saa nne asubuhi. Mlete."



"Mzee anaumwa, bosi."

"Basi nitamfuata kwake na daktari."

"Si ugonjwa mkubwa," nikasema haraka. "Jumapili atakuwa amepona."

Mkiniuliza siku ile nilisema uongo mara ngapi, sijui.

Nilimpigia mzee simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mkwe. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Baba, bosi wangu Mchina anakualika Jumapili. Chai ya saa nne, Ruangwa mjini."

"Mimi? Ananijulia wapi?"

"Anataka tu kuifahamu familia yangu."

Mzee akacheka.

"Mchina anaalika chai! Nitakuja. Sijakaa meza moja na Mchina tangu nikiwa kijana."

Nilijua kwamba ujanani alijenga reli ya Tazara. Kila mtu nyumbani alijua. Nilidhani alibeba mawe akarudi, basi.

* * *

Jumapili nilitangulia. Nilipanga mambo kichwani vizuri kabisa. Bwana Gao hajui Kiswahili zaidi ya "habari" na "haraka". Mzee hajui Kichina. Kati yao niko mimi. Kila mmoja atapata maneno ya kumfurahisha, watakula, watashikana mikono, watatawanyika. Baadaye nitatafuta njia ya kumwambia mzee taratibu.

Saa nne kasoro bodaboda ikasimama nje. Mzee akashuka na kanzu yake nyeupe na kofia ya mkono.

Nyuma yake akashuka mke wangu.

Raudha alikuwa amekwenda Mandawa tangu Alhamisi kumfulia baba yake. Sikumwambia habari ya mwaliko. Sasa alikuwa amesimama mbele yangu na gauni la Idi, wanja machoni, anakung'uta vumbi jekundu miguuni.

"Mbona umeshtuka?" akaniuliza. "Baba kasema mwaliko ni wa familia. Au mimi siyo familia?"

"Karibu," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwenye mafua.

Mama Lin, Mchina pia, alikodi lililokuwa duka la mabati karibu na soko, akapanga meza za duara. Siku za kazi anauza wali na kuku kama wengine. Jumapili asubuhi anapika chai ya kwao kwa Wachina wa mgodini: vitu vidogo vidogo vilivyopikwa kwa mvuke ndani ya vikapu vya mianzi, vitatu vitatu, vinne vinne, unakula huku unashushia na chai ya rangi isiyo na sukari. Unakaa hata saa mbili. Wao wenyewe hawaharakishi.

Bwana Gao alikuwa ameshafika. Amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Akasimama, akampa mzee mkono kwa mikono miwili.

"Na huyu?" akaniuliza kwa Kichina, akimwangalia Raudha.

"Binti wa mzee."

Uso wake ukabadilika. "Yule mama wa mtoto?"

Ningesema nini? "Ndiyo."

"Na baba wa mtoto? Kwa nini hakuja?"

Ofisini nilikuwa nimeficha kwamba familia hii ni ya mke wangu. Wangejua, wasingeniachia ile kazi.

"Yuko safarini," nikasema.

Raudha alikuwa pembeni yangu kabisa, bega lake linagusa langu. Akaniuliza, "Anasema nini?"

"Anasema karibu."

* * *

Aliyekuwa anahudumia ni binti mmoja anaitwa Minza, mtoto wa wafugaji waliohamia huku na ng'ombe wao kutoka Kanda ya Ziwa. Alipokuja na vikapu vya kwanza mzee akamzuia kwa kiganja.

"Mwanangu, humu ndani kuna nyama gani?"

"Kamba, kuku na ng'ombe, babu. Ya nguruwe leo haijapikwa kabisa. Huyu bosi aliagiza tangu juzi, na Mama kaosha vyombo vyote upya. Mimi mwenyewe nimevisugua."

"Mungu akubariki."

Minza akafunua kikapu. Mvuke ukapanda. Ndani yake kulikuwa na mikate mitatu midogo, myeupe, laini, imekunjwa juu kama mdomo wa mfuko.

Mzee akaitazama. Macho yakamtoka.

"Baozi!" akasema.

Mama Lin, aliyekuwa kaunta, akageuka. Bwana Gao akaweka kikombe chini.

"Baozi," mzee akarudia, anacheka na meno yake machache. "Kambi ya Mlimba, mwaka sabini na mbili. Kila Jumapili Wachina walikuwa wanatupikia. Ila yale yalikuwa makubwa kama ngumi ya mwanamume, na ndani kabichi tupu. Nyama waliisikia kwa jina kama sisi!"

Raudha akapiga makofi. "Baba! Kumbe unajua Kichina?"

"Kichina gani! Maneno ya kula na ya kazi. Ni hayo tu. Baozi. Cha, ndiyo chai hii. Mengine yamekufa pamoja na walionifundisha."

Moyo wangu ulikuwa umesimama. Aliposema hivyo ukaanza tena kwenda. Maneno ya kula, nikajiambia. Hayana madhara.

Nilimtafsiria Bwana Gao, na hiyo niliitafsiri sawasawa. Akafurahi mno. Mama Lin akaja mwenyewe kumshika mzee mkono, akamwita baba, akaenda jikoni kumletea vikapu ambavyo havikuagizwa.

Ndugu zangu, tulikula.

Ninyi mtanishangaa, lakini lazima niseme ukweli ulivyokuwa. Chakula kile kilikuwa kitamu. Kulikuwa na vifuko vya kamba vyenye ngozi nyembamba mpaka unaona wekundu wa ndani. Kulikuwa na mipira ya nyama ya ng'ombe yenye majani ya giligilani. Kulikuwa na wali wa kunata umefungwa kwenye jani, ukifungua unanukia moshi na uyoga. Mzee alikula kama mtu aliyerudishiwa ujana wake. Vijiti alivishika vizuri kuliko mimi niliyekaa China miaka minne.

Raudha vilimshinda. Kifuko cha kamba kilimponyoka kikaogelea kwenye kikombe cha chai cha Bwana Gao. Badala ya kuona haya, akacheka.

Tangu tulipomzika mtoto, mke wangu hakuwa amecheka. Mwaka mmoja na miezi mitano. Alikuwa anatabasamu wageni wakija, ndiyo, lakini kucheka mpaka anashika mbavu, hapana. Sasa alikuwa anacheka, anafuta machozi kwa ncha ya mtandio, na baba yake anamcheka, na Bwana Gao anacheka huku anakitoa kile kifuko kwenye chai na kukila.

Kikaja kikapu cha miguu ya kuku kwenye mchuzi mweusi.

"Hii hata Nachingwea stendi ipo!" Raudha akasema. "Mwambie bosi wako, kwetu hii ni chakula cha wahuni wa jioni!"

Nikatafsiri. Bwana Gao akagonga meza kwa kicheko.

Nilimtazama Raudha nikasema moyoni, labda Mungu amenisamehe. Labda nitapita hivi hivi.

Ndipo Bwana Gao aliposimama.

* * *

Alishika kikombe kwa mikono miwili.  Akaongea polepole, sentensi moja moja, ili nipate nafasi ya kutafsiri.

Alisema hivi: "Nawashukuru kwa kukubali tuhamishe makaburi yenu. Najua si jambo dogo. Hata kwetu, kaburi la mzazi haliguswi ovyo."

Mimi nikasema: "Anawashukuru kwa kuja. Anasema hata kwao mzazi anaheshimiwa sana."

Raudha akaitikia kwa kichwa. "Mwambie ahsante sana. Mwambie ametufurahisha."

Nikamgeukia Bwana Gao. "Anasema familia imeridhia kwa moyo mmoja."

Nilimwona mzee akiacha kutafuna. Kipande cha mkate kilikuwa mkononi, akakirudisha kwenye sahani.  Alimwomba Minza amwongezee chai.

Bwana Gao hakukaa. Alimgeukia Raudha, na sauti yake ikapungua.

"Mimi na mke wangu tulimpoteza mtoto wa kiume. Alikuwa na miezi miwili. Kaburi lake liko mbali na hapa, sijalifikia miaka sita. Niliposoma kwenye orodha kwamba kaburi la pili ni la mtoto, nilisema hii siyo kazi ya kutuma watu. Nitawaona jamaa zake kwa macho yangu."

Akafuta macho kwa kiganja. 

Raudha akaniangalia. "Mbona analia?"

 Nilikuwa na ulimi unaojua lugha mbili, na mtu huyu alikuwa ametoa kitu cha ndani kabisa akaniwekea mkononi nikipeleke hatua mbili tu.

"Amekumbuka kwao," nikasema.

"Maskini," Raudha akasema. "Mwambie pole. Mwambie atafika kwao, inshallah."

"Anasema nini?" Bwana Gao akauliza.

"Anasema ahsante."

Mzee alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa ananitazama kama unavyomtazama mtu kwa mbali barabarani, hujui kama ni yule unayemdhania.

Bwana Gao akainama chini ya meza akatoa furushi la karatasi ya kaki, limefungwa kwa kamba. Akampa Raudha kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Dereva wangu alinieleza desturi ya dini yenu," akaniambia. "Nimenunua mwenyewe."

Hilo sikuwa nimeambiwa. Nilinyoosha mkono nilichukue furushi, lakini Raudha alikuwa ameshafungua kamba.

"Ametuletea zawadi, baba! Vitambaa!"

Akakunjua cha kwanza. Bafta nyeupe, ndefu, ikamwagika mapajani mwake mpaka sakafuni.

Akachukua cha pili. Kilikuwa bafta ile ile, nyeupe vile vile. Kilikuwa kifupi. Alikishika kwa ncha mbili mbele ya uso wake, na hakikuzidi upana wa mabega yake.

Kicheko kilimtoka usoni taratibu.

Aliwahi kushika kitambaa cha kipimo kile. Nilikuwepo.

"Hii ni sanda," akasema.

Akanigeukia.

"Harithi. Huyu mtu ananipa sanda ya nini?"

Mzee alifuta vidole vyake kwa kitambaa cha mezani, kimoja kimoja. Kisha akamgeukia Bwana Gao, akanyoosha kidole kwenye vile vitambaa.

"Fen," akasema.

Ni Kichina. Maana yake kaburi.

Halafu akaweka viganja viwili pamoja kama mtu anayenyanyua kitu kizito kutoka hapa kukipeleka kule.

"Ban?"

Maana yake kubeba. Kuhamisha.

Bwana Gao, masikini, alifurahi kwamba mzee anaongea naye mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa na kwa mikono. "Ban! Ban!"

Mzee akashusha pumzi.

"Maneno ya kula na ya kazi," akaniambia. "Ban nililisikia kutoka asubuhi mpaka jua linazama. Ban mataruma ya reli. Ban mawe. Na fen nilijifunza siku tulipomchimbia kaburi fundi wao mmoja aliyeangukiwa na mwamba. Nilichimba kwa mikono hii. Nimelisikia neno hilo tangu huyu bwana aliposimama na kikombe. Nilikuwa nangoja wewe ulitaje kwa Kiswahili. Nimekungoja, Harithi. Hukulitaja."

"Baba, nilikuwa na nia ya..."

"Makaburi gani?" Raudha akauliza.

"Raudha, nisikilize..."

"Nakuuliza makaburi gani!"

Meza za jirani zikageuka. Minza alikuwa amesimama na trei, hajui aweke au arudi nayo.

Mzee ndiye aliyemjibu. "La mama yako. Na la mtoto."

Raudha hakupiga kelele. Alikiweka kile kitambaa kifupi juu ya meza, mbali na mchuzi, akakilainisha kwa kiganja.

"Muulize bosi wako nani amekubali," akaniambia. "Tafsiri."

Bwana Gao alikuwa anatuangalia kwa zamu, ameanza kuelewa kuna kitu kimeharibika. "Kuna nini? Nimekosea kitambaa?"

Kwa mara ya kwanza tangu aliposimama na kikombe, nilitafsiri neno kwa neno.

"Anauliza nani amekubali."

Bwana Gao alishangaa. Akatoa simu, akatafuta, akaiweka mbele ya mzee. Ilikuwa picha ya karatasi. Muhuri wa kijiji, tarehe, na jina: Amiri.

Mzee akaisogeza simu mbali kidogo kwa ajili ya macho yake.

"Mimi nilisoma chuoni kwa mwalimu Kurani, shule sikwenda. Jina langu naliandika kwa herufi za Kiarabu," akasema. "Tangu kambi ya Mlimba mpaka leo. Hii siyo yangu."

Raudha akaichukua ile simu. Hakuitazama hata sekunde tano.

"Hii A," akasema. "Harithi, hii A yenye mkia ni yako. Umeniandikia barua miaka minne kutoka China. Mimi siijui A yako?"

Nikafungua mdomo. Hakukutoka kitu, si Kiswahili, si Kichina.

Raudha alisimama. Akamwangalia Bwana Gao, na kwa kuwa hakuwa na mkalimani tena, alitumia mikono. Aligusa kitambaa kifupi. Akagusa tumbo lake. Kisha akaninyooshea mimi kidole, akakiacha pale pale kifuani kwangu.

Bwana Gao alimtazama yeye, akanitazama mimi.

"Wewe?" akaniuliza. "Wewe ndiye baba yake?"

Nikainamisha kichwa.

"Uliniambia yuko safarini."

Sijawahi kusikia sauti ya namna ile. Hata baba yangu mzazi siku aliponifukuza nyumbani, niliyowasimulia sehemu ya pili, hakuniambia neno kwa sauti ile.

"Raudha," nikasema. "Mke wangu, nilitaka kukwambia."

"Lini? Baada ya miguu ya kuku?"

"Niliogopa."

"Leo nimecheka," akasema. Mdomo ulikuwa unamcheza. "Umenitazama nacheka, Harithi. Ulikuwa unajua, na ukaniacha nicheke."

Alikikunja kile kitambaa kifupi mara mbili, akakiweka kifuani ndani ya mtandio. Kile kirefu akamwachia baba yake, naye akakikunja vizuri kwa heshima, kwa kuwa aliyekileta hakukosea kitu.

Mzee alimpa Bwana Gao mkono. Akaenda mpaka kaunta, akamwinamia Mama Lin, akasema "xie xie", yaani ahsante. Mimi alinipita kama anavyopita kiti.

Nikamshika mkono wa kanzu. "Baba, nisamehe."

"Kwanza utanisimulia yote kwa Kiswahili," akasema. "Kaa umalize chakula cha watu. Sisi tunakwenda Mandawa. Nataka kukaa pale kaburini nione nani atakuja na jembe."

Wakatoka. Bodaboda aliyewaleta alikuwa bado yuko kivulini. Raudha akapanda katikati, mzee nyuma amekumbatia furushi, wakapotea kwenye vumbi la barabara ya Mandawa.

* * *

Nilikaa.  Mezani kulikuwa na vikapu vinavyotoa mvuke bado.

Bwana Gao hakunigombeza. Alikaa kwenye kiti alichotoka mzee, akaegemeza viwiko mezani.

"Hawakujua lolote," akasema.

"Hawakujua."

"Hata siku?"

"Siku gani?"

Akanitazama. "Wiki iliyopita nilikuuliza kama familia itataka kuwepo wakati wa kufukua. Ukaniambia hapana, familia haitaki kuona shimo."

Ni kweli. Nilisema hivyo. Nilitaka tu asinitume kwenda kuwauliza.

"Kwa hiyo nikapanga wasione," Bwana Gao akasema. "Nikasema watu waingie leo asubuhi sisi tukiwa hapa tunakula. Wamalize kabla ya saa sita, wawe na imamu mmoja wa mjini. Halafu tutoke hapa wote kwa gari langu, na vitambaa, twende moja kwa moja kwenye kuzika upya. Ndiyo maana nilichagua saa nne."

Nilitazama saa ukutani kwa Mama Lin. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini.

Kutoka pale mpaka Mandawa, kwa bodaboda anayejua njia, mtu hahitaji muda mrefu.

Nilichomoa simu nikampigia Raudha. Ikaita karibu sana. Ikaita kwenye kiti alichokuwa amekalia, ndani ya mkoba wake aliousahau. Nikampigia mzee. Hapatikani.

"Piga kwa watu wako!" nikamwambia Bwana Gao. Nilikuwa nimesimama, sijui nimesimama saa ngapi. "Waambie wasimame! Waambie wasiguse kitu!"

Alikuwa ameshaweka simu sikioni. Aliongea kwa ukali, maneno matatu, manne. Kisha akasikiliza. Akasikiliza kwa muda mrefu kuliko jibu la ndiyo au hapana.

Aliposhusha simu, hakuniangalia machoni.

"Wamesimama," akasema. "Lakini, Harithi, walikuwa wameanza na lile dogo."